Herufi Inayovaa Kofia

Jina letu lina herufi moja inayovaa kofia.
Baba huiandika polepole, ncha ya ulimi nje:
Avenda, halafu n, halafu ule mkunjo juu yake
kama mgongo wa kondoo anayekataa kunyolewa.

Yisel alikuwa na miaka sita kompyuta zilipofika,
nyeupe na kijani, moja kwa kila mtoto
wa shule yetu ya Tambores.
Yangu haikumaliza wiki: niliifanya mlingoti wa goli.
Yake aliilaza chini ya mto, akailalia.
Mama akasema, mwacheni, huenda akaiangua.

Mtandao uliishia kwenye ukuta wa shule,
barabara haukuvuka.
Basi Julai, baridi ikitutafuna masikio,
nilimsindikiza kila jioni, akaketi ngazini
amejifunika blanketi la farasi,
uso wake umegeuka samawati kwa mwanga wa skrini,
nami napuliza vidole, namlaani kimoyomoyo.
"Dakika tano tu."
Dakika tano za Yisel zilizaa, zikapata na wajukuu.

Programu yake ya kwanza ilihesabu kondoo.
Baba alihesabu kwa mawe: jiwe kwa kila kumi,
vidole kwa salio.
Mashine ikasema mia mbili kumi na wawili.
Mawe yakasema mia mbili kumi na mmoja.
Wakabishana hadi maji ya mate yakapoa,
tukarudi zizini na tochi, sote wanne,
mbwa akidhani tumeingiwa na wazimu.

Mawe yalisema kweli.
Yisel alianzia kwenye sifuri, akasahau kusimama mapema;
kitanzi kikazunguka mara moja ya ziada
na kumwandikisha kondoo asiyekuwepo.
Alilia. Kisha akafuta, akaandika upya.
Tangu hapo, kila Krismasi, Baba humuuliza mezani:
"Na yule wa sifuri, hajambo?"

Sekondari ilikuwa mjini, basi la saa kumi na moja alfajiri.
Mwalimu Nélida alimwazima kitabu kisicho na jalada
wala sura ya saba.
Sura ya saba Yisel aliibuni mwenyewe
(alikuja kuisoma baadaye, akacheka:
yake ilikuwa ndefu zaidi, na mbovu zaidi, lakini ilifanya kazi).

Baba aliuza kondoo kumi na tisa. Montevideo ikampokea.
Kwenye simu alisema, nzuri, kila kitu nzuri.
Mimi ndiye niliyejua kwamba hesabu ameanguka mara mbili,
kwamba anakula wali na yai, yai na wali,
kwamba wenzake darasani wanataja vitu
kana kwamba walivinyonya ziwani kwa mama zao.
Na kitambulisho cha chuo kilimwandika hivi:
Avenda?o.
Alama ya kuuliza, katikati ya jina la babu yetu,
kama bawabu anayekuzuia mlangoni:
wewe na hapa, wapi na wapi?

Alikivaa shingoni miaka miwili.

Mwaka wa tatu akapata kibarua cha jioni, ofisi ya usajili.
Hakuna aliyemtuma. Alichimba tu,
faili juu ya faili, nyingine zimemzidi umri,
mpaka akaupata mstari uliokuwa ukisoma herufi vibaya.
Mstari mmoja.
Aliurekebisha saa nane za usiku, akajaribu kwa jina letu,
kisha akakaa akiwatazama wakirudi mmoja mmoja,
kina Muñoz, kina Peña, kina Zúñiga,
maelfu ya watu asiowajua
wakivaa kofia zao gizani.

Bahasha ilitufikia msimu wa kunyoa.
Nilikuwa na mafuta ya sufu hadi viwikoni,
kwa hiyo Baba ndiye aliyeifungua.
Karatasi ya matokeo. Alama hakuzitazama.
Alipitisha kidole gumba juu ya jina,
akarudi, akapitisha tena,
kama anayetafuta kupe kwenye manyoya.

"Mpigie," akasema. "Muulize
kama yule wa sifuri naye amemsajili."